Mama, Kuya Utie Chumvi

Kwa miaka mitatu nilijua siku za mke wa mwanangu bila kumuuliza, na bila yeye kuniambia. Nilizijua kwa chumvi.

Kwetu kaskazini mwa Katanga, mwanamke aliye mwezini hatii chumvi katika chakula cha watu. Anaweza kuteka maji, kuwasha mbabula ya makaa, kutwanga majani ya sombe, kusonga ugali wetu wa bukari mpaka jasho limtoke, lakini chumvi anatia mwingine: dada, mama mkwe, hata mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo. Wazee walisema akitia mwenyewe, watakaokula watapata kifua kisichopona. Sikuwahi kumwona mtu aliyepata kifua kwa sababu hiyo. Lakini mama yangu alinifundisha hivyo, na mimi ni mtu wa kushika nilichofundishwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kolwezi miaka mingi, hata leo wachimbaji wenye ndevu wananivulia kofia njiani. Ukifundisha muda mrefu hivyo, unazoea kudhani kwamba usilolijua halina maana.

Mke wa mwanangu alitoka Tenke, kwa watu wenye asili ya Kasai. Babu yao aliletwa huku kwa kazi, wakabaki. Kwao desturi ya chumvi ilikuwa imeachwa zamani, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfundisha. Wiki ile ya kwanza nilimketisha jikoni nikamweleza kwa sauti yangu ya darasani, ile ya kufundisha kugawanya. Aliziba mdomo kwa kitenge akacheka.

"Sasa, mama, kila mwezi utakuwa unajua?"

"Nitajua nini? Mi nitatia chumvi tu."

"Bon," akasema. "Nitakuita."

Na kweli aliniita. Tunaishi Musonoi, ua mmoja: nyumba yangu mbele, yao nyuma, jiko la mabati katikati. Mume wangu alikwisha kufariki. Mwanangu, wa pekee, anaendesha magari makubwa ya mgodi upande wa Fungurume. Wiki tatu yuko kambini, wiki moja nyumbani. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wanawake wawili na sufuria moja. Kila mwezi ilifika siku ambayo ningesikia kutoka jikoni: "Mama, kuya utie chumvi!" Ningeacha nilichokuwa nacho, ninawe mikono, nichote kwa vidole vitatu, nikoroge, nionje, nitoke. Hatukusemezana. Baada ya siku tano hivi sauti ilinyamaza, nikajua ameoga, ameanza kutia mwenyewe.

Niseme ukweli, nilipenda kuitwa. Sikuzaa binti. Ile sauti ilikuwa njia yetu ya kuambiana mambo ambayo mama mkwe na mke wa mwanawe hawaambiani. Mimi nilidhani ni njia nzuri kuliko maneno.

Korona ilipokuja, watu wa kwetu walisema ni ugonjwa wa Kinshasa na wa wazungu. Sisi mapafu yetu yamezoea vumbi la mgodi, itapata wapi pa kuingilia? Ikaniingia mimi. Yeye ndiye aliyenifukiza kwa majani ya mikaratusi, akaninywesha uji kwa kijiko, akanigeuza kitandani kama mtoto. Siku kumi nikaamka. Siku ya kumi na moja akalala yeye, na yeye alilala karibu mwezi mzima. Nywele zilimtoka. Kupanda ngazi tatu za mlango wangu kulimfanya asimame apumue. Na pua yake ilikufa kabisa: nilimkuta siku moja amekaa kando ya mbabula, maharagwe yanaungua, moshi umejaa, naye anachambua mchele hana habari.

Aliporudi kupika, chakula chake kilikuwa na chumvi ya kutisha. Nilikula nikanywa maji, nikala nikanywa maji. Nilimtania: "Binti, unataka kunikausha sawa samaki ya tomson?" Naye akacheka kidogo, akaomba radhi. Kesho yake, chumvi ile ile.

Mwezi ukapita bila kuniita. Wa pili ukapita.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kujichapa viboko. Nilikuwa na vitu viwili mbele yangu: mwanamke ambaye haiti mtu kutia chumvi, na mwanamke ambaye ulimi wake umebadilika. Mtu mwingine angekumbuka kwamba ametoka kuugua nusura afe, angesema ulimi bado haujapona, na damu haijapona pia. Mimi nilijumlisha nikapata mtoto. Kila mtu anajua mjamzito hubadilika mdomo! Nilifurahi mpaka nikapotewa na usingizi wa mchana.

Sikumuuliza. Mama mkwe haulizi mambo ya tumbo. Lakini kutomuuliza yeye hakukunizuia kuwaambia wengine. Siku ya mazoezi ya kwaya niliwaambia wamama wa kanisa: "Kwangu sasa chumvi inazidi, na mutu haniite tena." Walielewa hapo hapo, wakapiga vigelegele, mmoja akaanza kunifundisha namna ya kufuma kofia ndogo. Nilipita sokoni nikamnunulia mke wa mwanangu pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba huutafuna. Nilimwekea mkononi bila neno. Alitazama ule udongo, akanitazama mimi, akavunja kipande akatafuna mbele yangu.

Baadaye sana aliniambia kwamba mwezi wa kwanza hata yeye alitumaini. Wa pili alinunua kijiti cha kupimia kwenye duka la dawa, kikasema hakuna kitu. Alitaka kuniambia. Alikuja mpaka mlangoni kwangu akanikuta na sufi ya manjano mapajani, nafuma. Akarudi zake jikoni.

Mwezi wa nne mwanangu alikuwa nyumbani. Alikuja barazani akakaa, akazungusha kofia yake ya kazi mikononi.

"Mama, hakuna mimba."

"Unasema nini?"

"Hakuna. Hakukuwa. Uache kuambia bantu."

Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza pale, na hata mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza: basi mwezi wake uko wapi? Sikuliuliza. Akilini niliwaona wamama wa kwaya, niliwaona wakiniangalia Jumapili. Niliinuka nikaenda jikoni. Alikuwa amechutama anachochea makaa. Nikamwambia, na maneno haya ninayakumbuka kama nilivyoyasema: "Umenipatisha haya mbele ya bantu. Umenifanya muongo."

Alipiga magoti. Alisema, "Unisamehe, mama."

Nami nikamsamehe! Mimi nikamsamehe yeye.

Haikupita wiki mbili, saa za jioni jua likiwa bado juu ya vile vilima vya udongo wa mgodi, nikasikia: "Mama, kuya utie chumvi!" Sikutembea, nilikimbia. Nilinawa, nikachota, nikaonja, na nafikiri nilisema "Asante Yezu" kwa sauti. Mambo yalikuwa yamerudi mahali pake. Mwezi uliofuata akaniita tena. Na uliofuata.

Aliniita kila baada ya siku ishirini na nane. Haikuzidi, haikupungua. Kabla ya kuugua hakuwa hivyo. Mara nyingine alichelewa siku tatu, mara nyingine aliwahi. Sasa alikuwa sawasawa na kalenda ya kanisa iliyoning'inia juu ya rafu ya masahani. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Najua kwamba mtoto anayefanya hesabu kwa akili yake hufuta, hukosea, huandika juu ya mstari. Anayenakili ndiye asiyekosa hata nukta. Ningekuta daftari safi namna ile darasani, ningemwita mwenye nalo mbele. Lakini daftari hili lilinifurahisha, kwa hiyo nililitia alama ya vyema.

Kisha nikaanza kudai. Kama mwezi unakuja na mume anakuja, mtoto anazuiwa na nini? Nilitafuta mizizi kwa mama mmoja anayeijua, nikaichemsha mwenyewe, nikawa nampelekea kikombe kila asubuhi. Ni chungu, hata mimi nilishindwa kuimaliza nilipoionja. Yeye aliimaliza. Alikuwa amekonda, mabega yamekuwa makali ndani ya blauzi, na nikasema hiyo ndiyo dawa inafanya kazi, inasafisha. Siku moja nilisimama mbele yake na kikombe nikamwambia, "Wazee walisema mficha uchi hazai. Kama kuna kitu, useme." Nilimwambia aseme huku nimemshikia dawa mdomoni. Alipokea kikombe, akanywa, akanirudishia.

Siku aliyoanguka alikuwa anatwanga sombe. Nilisikia mchi ukigonga, kisha nikasikia kimya, kisha sauti ya kitu kizito kwenye vumbi. Nilimkuta amelala ubavu, majani ya muhogo yamemwagikia shingoni, midomo haina rangi. Jirani aliita taxi-moto. Tulipanda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, na ilikuwa mara ya kwanza kumshika namna hiyo tangu aniuguze. Alikuwa mwepesi. Niliogopa nilivyoona alivyo mwepesi.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Alikaa na mke wa mwanangu ndani, mlango umefungwa, muda mrefu. Alipotoka aliniita niingie, akavuta kiti.

"Madame, huyu mutoto hajaona mwezi tangu ile korona. Inakaribia mwaka muzima."

"Hapana," nikasema. "Ile wiki imepita mi mwenyewe nilitia chumvi."

Muuguzi ni mzaliwa wa huku. Hakuuliza chumvi ni nini. Aliweka kalamu chini.

"Madame," akasema polepole, "alikuwa anakuita bure."

Niligeuka. Mke wa mwanangu alikuwa ameelekea ukutani. Nilimwuliza kwa nini, nikatumia jina lake, jambo nisilolifanya kwa kawaida. Alijibu bila kugeuka.

"Ile siku ya kwanza ulirudia kutia chumvi, mama, nilikuona unapumua. Ulifurahi sana. Njo maana niliendelea."

Yapo mengi muuguzi alinieleza asubuhi ile, na kesho yake daktari akayarudia majibu ya damu yalipotoka. Kwamba hakuwa wa kwanza. Baada ya ule ugonjwa wanawake wengi walikuja, wengine mwezi umewapotea, wengine unakuja mzito, wengine unachelewa, na wengi wao ulijirekebisha mwili ulipopata nguvu. Kwamba huyu mwili wake haukupewa nafasi ya kupata nguvu. Hakusikia ladha, kwa hiyo alikula matonge mawili akaacha, akakonda. Damu ilikuwa chini sana, na ile pemba niliyomletea, ambayo aliendelea kuitafuna, ilikuwa inazuia chakula kidogo alichokula kisimletee damu. Mizizi ikamharibu tumbo. Walimwangalia tezi ya shingo, wakaangalia kizazi, wakasema hakuna kilichovunjika. Dawa yake ilikuwa vidonge vya kuongeza damu, chakula, usingizi, na kuondolewa mashaka.

"Mashaka ya nini?" niliuliza.

Muuguzi alinitazama kwa upole ambao sikuustahili. "Mungemuleta ule mwezi wa tatu, Madame," akasema, "leo tungekuwa tulisha kusahau."

Majuto ni mjukuu, watoto wa shule wote wanaijua. Nimewaandikisha imla mara ngapi sijui. Basi nilitaka mjukuu, nikapewa huyo.

Mwanangu alimpeleka Tenke kwa mama yake. Hakunifokea. Alifunga mizigo, akaniambia ni kwa ajili ya kupumzika, na macho yake hayakunifikia usoni. Jiko lilibaki langu peke yangu. Nilipika nikatia chumvi nikala, na kila chakula kilikuwa na ladha ile ile. Kofia ya manjano niliifumua, nikakunja uzi, kisha nikaona aibu kuutunza nikautupa kwenye mbabula.

Kiangazi nilifunga safari kwenda kumwona. Nilipeleka kuku wawili na kikapu cha karanga. Mama yake alinipokea kwa heshima zote: kiti cha sebuleni, maji ya kunawa, chai. Heshima zote isipokuwa kuingia jikoni. Huko jikoni nilimsikia mke wa mwanangu akicheka na wadogo zake, kicheko cha tumbo, nikagundua kwamba sikuwa nimekisikia kwangu tangu mwaka uliopita. Alikuja akanisalimia kwa magoti, mashavu yameanza kujaa, akarudi kule kwenye kicheko.

"Anaendeleaje?" nikamwuliza mama yake.

"Anakula, mama. Analala. Anasikia sasa bukali na butamu."

Nilitaka kuuliza lile jambo. Umri wangu wote sikuwa na neno lake. Nilikuwa na chumvi tu. Nikajikaza.

"Na mwezi?"

Mama yake alinimiminia chai, akaongeza maziwa, akakoroga.

"Tuko mwezi wa saba, mama," akasema, kana kwamba nimemwuliza kalenda.

Nilikunywa chai. Ilikuwa chai nzuri. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kuku.

Mvua zilipoanza mke wa mwanangu alirudi. Alikuwa amenenepa vizuri, nywele zimeota, alipanda ngazi zangu tatu huku anaongea. Jioni ile alipika bukari, mboga ya lengalenga, na samaki. Mwanangu alikuwepo. Tulinawa, tukakaa. Nilimega tonge, nikachovya, nikaweka mdomoni. Chakula hakikuwa na chumvi hata chembe. Nikafikiri ulimi wake umekufa tena, nikainua kichwa.

Katikati ya meza palikuwa na kisahani kidogo cha kikombe cha chai, kimejaa chumvi.

"Chumvi iko pale, mama," akasema. "Kila mutu ajitilie."

Alisema bila ukali. Mwanangu alichota akanyunyiza, akasukuma kisahani kwangu. Yeye mwenyewe alichota baada yangu. Hivyo ndivyo tunavyokula mpaka leo. Anapika kila siku ya mwezi, na chumvi haiingii sufuriani kwa mkono wa mtu yeyote. Hajavunja desturi yangu. Ameizungushia ukuta tu, mimi nikabaki nje.

Nilimwomba radhi. Nilikwenda jikoni asubuhi, nikasimama pale pale aliponipigia magoti, nikayasema yote: pemba, mizizi, yale maneno ya haya. Goti langu ni bovu lakini nilijaribu. Alinishika kiwiko akaniinua. "Ilishapita, mama," akasema, na ninaamini kwake ilipita. Ananitania, ananisuka, akienda sokoni ananiletea ndizi ninazozipenda. Hana kinyongo. Amejifunza tu kutokunipa kitu cha kusoma.

Sijui mwezi wake unakuja tarehe gani. Sijui kama unakuja. Mashavu yake yananiambia kwamba ni mzima, na hayo ndiyo wanayoyaona hata wapita njia. Kama siku moja kutakuwa na mtoto nitaambiwa na mwanangu, pamoja na jirani.

Juzi, saa kumi, nilikuwa barazani. Jikoni mbabula ilikuwa imeshika, nilisikia mafuta yakilia. Kisha ikaja ile sauti, kwa nguvu, kama zamani:

"Mama! Mama, kuya!"

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka birika, nakumbuka sabuni, nakumbuka nikijifuta mikono kwenye kitenge huku nakwenda, vidole vitatu vimekwisha kukutana. Nilifika mlangoni nikiwa nimenyoosha mkono.

Aliutazama ule mkono. Niliona ameelewa, na niliona amenihurumia.

"Mayi imekuya ku robinet, mama," akasema taratibu. "Ulete babidon mbele ikatike."

Nikachukua madumu mawili, nikaenda bombani kukinga maji, mikono yangu ikiwa safi.